Madaktari wa Akili Wafundishwe Kazi Hii



Twajua wako watakaouliza: Chama cha wafanya kazi kina habari gani na madaktari wa akili na kesi za wahamiaji? Jibu letu ni fupi. Wanaofanya kazi hiyo ni wafanya kazi, yaani wauguzi, matabibu, washauri na wakalimani. Na wanaosimama mbele ya hakimu kuomba wasirudishwe walikotoka, wengi wao ni wafanya kazi pia. Wamo hata watu wa vyama kama chetu, waliopigwa au kufungwa kwao kwa sababu ya mgomo.

Mtu akifika Marekani au Uingereza akaomba hifadhi, yampasa kuonyesha kwamba hofu yake ya kuteswa ina msingi: kwamba ateswa kwa ajili ya rangi yake, dini yake, taifa lake, fikira zake za siasa, au kundi la watu alimo. Hivyo ndivyo yasemavyo Mapatano ya Wakimbizi ya 1951. Lakini ataonyesha kwa nini? Anayetesa watu hatoi risiti. Mkimbizi hana karatasi, na shahidi wake pengine amekufa au amebaki nyuma. Ana mdomo wake tu.

Na hapa ndipo penye taabu. Leo asema alikamatwa siku ya Jumanne, mwezi ujao asema Alhamisi. Kwanza askari walikuwa watatu, baadaye ni watano. Hakimu aona ni mwongo. Tena sheria ya Marekani ya mwaka 2005 yamruhusu hakimu kupima ukweli wa mtu kwa tofauti yo yote katika maneno yake, hata ikiwa tofauti hiyo haigusi kiini cha kesi. Kumbe wataalamu walikwisha kulichungua jambo hili. Mwaka 2002 Jane Herlihy na wenzake huko Uingereza waliandika habari za wakimbizi wa Kosovo na Bosnia waliohojiwa mara mbili. Hawa walikuwa wamekwisha kupewa ruhusa ya kukaa, hawakuwa na sababu ya kudanganya. Hata hivyo maneno yao ya mara ya pili yalitofautiana na ya kwanza, hasa katika mambo madogo madogo ya pembeni. Na kwa wale walioumia zaidi akilini, kadiri muda ulivyopita kati ya mahojiano ndivyo tofauti zilivyozidi.

Basi hakimu atayajuaje hayo asipoelezwa na mtu aliyesomea? Kazi ya mtaalamu ni kukaa na mtu huyo saa kadhaa, kumsikiliza, kumpima, kisha kuandika yale aliyoyaona. Tena si kwa kesi za mateso peke yake. Sheria ya Marekani ya 1996 yataka mtu aombe hifadhi katika muda wa mwaka mmoja tangu kuingia. Aliyechelewa aweza kusikilizwa akiwa na sababu kubwa, na ugonjwa wa akili ni mojawapo. Lakini nani atauthibitisha?

Faida yake yaonekana. Katika kesi zilizoshughulikiwa na Physicians for Human Rights kati ya 2000 na 2004, waliopimwa na madaktari walipata hifadhi kwa kiasi cha 89 katika kila mia. Kwa nchi nzima ya Marekani kiasi kilikuwa 37.5. Tusidanganyane: waliopimwa walikuwa na mawakili, na wakili huchagua kesi yenye nguvu. Tofauti yote si ya ripoti. Lakini hatuwezi kusema kwamba ripoti si kitu.

Sasa, daktari hodari wa kutibu si lazima awe hodari wa kuandika ushahidi. Anayetibu humwamini mgonjwa wake na kuwa upande wake. Anayepima yampasa aulize hata lile lisilopendeza, na aandike hata lile lisilomsaidia yule aliye mbele yake. Kwa hiyo ni vizuri kazi hizi mbili zisifanywe na mtu mmoja. Uko mwongozo wa Umoja wa Mataifa, unaoitwa Itifaki ya Istanbul, uliotungwa 1999 na kutengenezwa upya 2022. Wafundisha kupima kwa ngazi: kwamba dalili hazipatani na habari aliyoitoa mtu, au zapatana, au zapatana sana, au ni za kawaida kwa mateso ya namna hiyo, au haziwezi kuletwa na jambo jingine. Anayeandika tu "mtu huyu asema kweli" amejifanya hakimu, na ripoti yake hutupwa.

Na lugha je? Mtu wa kwetu hasemi ana ugonjwa wa huzuni. Asema ana mawazo mengi, moyo wamwenda mbio, kichwa kimejaa, usingizi umemkimbia. Mkalimani asiyejua mambo atafasiri "mawazo mengi" kana kwamba mtu huyo ni mwanafunzi anayefikiri hesabu zake! Tena Kiswahili cha Bukavu si cha Lamu. Na mtoto asifanywe mkalimani wa mama yake katika habari ya kunajisiwa. Hili twalisema kwa nguvu.

Hapa Kenya jambo hili si la mbali. Dadaab iko tangu 1991, Kakuma tangu 1992, na Sheria ya Wakimbizi ya 2021 yakataza kumrudisha mtu kwenye mateso. Tunayo pia Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017. Wazee wetu walioteswa wakati wa Hali ya Hatari walingoja mpaka 2012 ndipo Mahakama Kuu ya London ikakubali kesi ya watatu wao iendelee, na 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa watu 5,228. Laiti kila mmoja angaliandikiwa na daktari sawasawa siku zile zile, je, ingalichukua miaka hamsini?

Lakini hatukubali kazi hii iwe sadaka. Ng'ambo sehemu kubwa hufanywa bure na watu wenye moyo mwema, jioni baada ya zamu. Kusikia habari za mateso kila juma humwumiza msikiaji naye. Mafunzo yafanywe saa za kazi, kwa mshahara. Ripoti za kwanza za mwanafunzi zisomwe na mzoefu kabla ya kupelekwa. Mkalimani alipwe, na apewe nafasi ya kupumzika sawa na mpimaji.

Matawi yenye wanachama hospitalini na makambini yajadili habari hii, na kuleta kwa Katibu majina ya wanaotaka kufundishwa, pamoja na lugha wanazozijua.