Marhamu, Majumba na Shairi Nililoombwa

Vijana wawili wa Kisauni walinijia baada ya Alasiri na bahasha mkononi. Wataka niwatungie shairi la kufungulia madrasa, beti kumi na mbili, na ndani yake nimsifu tajiri aliyejenga madarasa. Nikawauliza, huyo tajiri biashara yake nini? Wakatazamana. "Muuza dawa, Maalim." Nikamjua. Watu wa Likoni twamjua kwa sauti, maana gari lake la kipaza sauti lilisimama miaka karibu na kivuko, likiuza chupa moja ya kuponya maradhi arubaini.

Bahasha nimeirudisha. Shairi sijalikataa wala sijalikubali. Kwanza nikupe, ndugu msomaji, kisa cha Mwingereza mmoja, kwani jambo hili si geni.

Thomas Holloway alizaliwa mwaka 1800 huko Devonport, mji wa bandari kama huu wetu. Alipofika London alifahamiana na Mtaliana aliyekuwa akiuza marhamu, na haukupita muda, mwaka 1837, Holloway naye akatoa marhamu yake mwenyewe. Baadaye akaongeza vidonge. Alikuwa akishuka gatini kuwauzia manahodha na abiria, na deni la matangazo ya gazeti likamtia jela ya wadaiwa. Alipotoka alitangaza zaidi! Mwaka 1842 alitumia pauni 5,000 kwa matangazo. Mwaka 1855 pauni 30,000. Karibu na mwisho wa umri wake ikawa pauni 50,000 kila mwaka. Dawa zake, kwa maneno yake, ziliponya homa, ini, pumu, na hasa miguu mibovu na vidonda sugu.

Na ndani mlikuwa na nini? Katika marhamu, nta na mafuta. Katika vidonge, subili, zafarani na vikorokoro vingine. Subili twaijua sote: ndiyo mama apakayo titi mtoto aachishwapo ziwa. Ukiimeza itakuendesha, basi. Samuel Baker, msafiri aliyezunguka mito ya Uhabeshi iingiayo Naili mwaka 1861 na 1862, aliandika katika kitabu chake cha 1867 kwamba alimwambia faki mmoja kuwa yeye ni tabibu, kisha akawagawia wagonjwa vidonge vya Holloway. Akavisifu kuwa vyamfaa msafiri, kwa kuwa mgonjwa akishaendesha huyakini kuwa dawa imefanya kazi. Faki wa watu akachekwa kitabuni naye hana habari.

Kwa haki lakini, matabibu wa zama zile walikuwa wakitoa watu damu na kuwanywesha zebaki. Huenda subili ilidhuru kidogo kuliko wao.

Holloway hakuwa na mtoto. Mali ilipomwelemea aliamua kuitoa. Alijenga hospitali ya wagonjwa wa akili huko Virginia Water, iliyofunguliwa 1885 (leo ni nyumba za watu wenye uwezo). Akajenga na chuo cha wanawake huko Egham kwa kumkumbuka mkewe, Jane, aliyefariki 1875. Malkia Victoria alikwenda kukifungua mwenyewe mwaka 1886. Mwenye chuo hakuwapo. Alikufa Disemba 1883. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 28. Usidharau hesabu hiyo: Oxford haikuwapa wanawake shahada hadi 1920, na Cambridge hadi 1948. Chuo kingali kinasomesha mpaka leo, na jina lake li mlangoni.

Basi ningelikuwa mshairi wa Egham mwaka 1886, ningeandika nini? Wasichana wale hawana kosa. Jumba silitaki livunjwe. Lakini najiuliza nani alilijenga. Lilijengwa na mpagazi wa bandarini mwenye mguu uliooza, aliyetoa senti yake ya mwisho akanunua nta. Jina lake halimo ukutani.

Marehemu shangazi yangu wa Likoni alikuwa na sukari. Alitokwa na kidonda cha kidole, akasikia kipaza sauti, akanunua chupa. Akanunua ya pili, ya tatu, kwa miezi minne, kwa pesa za mbaazi na mahamri alizokuwa akiuza barazani. Tulipomvusha kwa feri kumpeleka hospitali, daktari hakuwa na la kufanya ila kuukata mguu chini ya goti. Alikuwa akiniuliza, "Mwanangu, yule mtu alikuwa hajui, au alikuwa ajua?" Sikuwa na jibu, na sinalo hadi leo.

Tulipokuwa chuoni tulifundishwa kuwa haki ya mja haifutwi kwa sadaka. Ukichukua cha mtu, toba yake ni kukirudisha kwa mwenyewe, au kumwomba akusamehe. Kumjengea mtu mwingine msikiti ni hesabu nyingine kabisa. Holloway hakusoma chuo kimoja nasi, siwezi kumhukumu kwa hilo. Huyu wetu amesoma, tena asali safu ya mbele.

Nimewaambia vijana nitatunga beti zote kumi na mbili bila malipo, na nitayasifu madarasa, kwani watoto wa Kisauni wayahitaji. Sharti langu moja: ubeti wa kwanza uwe wa shangazi, kwa jina lake na mguu wake, na tajiri awe ameketi hapo akisikiliza.

Wamekwenda kumwuliza.