Mtoto wa Thika, Mbwa Wake na Bahari Asiyoijua

Mwalimu mmoja wa Kiswahili, aliyepata kuwa mwanafunzi wangu chuoni, alinijia hivi majuzi na daftari mkononi. Anafundisha shule ya upili isiyo mbali na Eneo la Viwanda la Thika, na daftari lilikuwa la mmoja wa wanafunzi wake. Insha iliyokuwamo ilisimulia likizo ya Aprili: mvulana na mbwa wake wamekwenda Mombasa kustarehe ufuoni katika "majira ya machipuo". Chini yake, kwa wino mwekundu, mwalimu alikuwa ameandika: "Uongo mtupu. Hujafika pwani, na Kenya haina machipuo." Alama zilikuwa 4 kati ya 20.

Alitaka nimuunge mkono. Nilimuunga mkono nusu tu. Nusu iliyobaki naileta hapa mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi, kwa maana naamini daftari hilo lina ndugu zake katika madarasa mengi yaliyo mbali na bahari.

Tuanze pale mwalimu alipokuwa na haki. Machipuo ni majira ya nchi zilizo mbali na ikweta, ambako miti hupukutisha majani wakati wa baridi na kuchipua upya baridi inapokwisha. Huko Ulaya majira hayo huwa kati ya Machi na Mei. Miezi hiyo hiyo Mombasa huwa na hali nyingine kabisa. Kaskazi, upepo unaovuma tangu mwishoni mwa mwaka, hufifia mwezi wa Machi. Hufuata kipindi cha pepo zisizotulia ambacho mabaharia hukiita maleleji au tangambili. Kisha kusi hushika, na mvua ya masika huteremka; Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi mjini humo. Anayeandika juu ya maua na jua la machipuo katika ufuo wa Mombasa amefikiri kwa Kiingereza, kisha akayavika mawazo yake kanzu ya Kiswahili.

Lakini je, ni nani aliyemfundisha vinginevyo? Nilipomwuliza mwalimu ni lini darasa lake lilipata kusikia maneno kaskazi, kusi, maleleji au bamvua, alinyamaza. Mtoto huyu hukutana na machipuo katika vitabu vya hadithi vya Kiingereza na katika televisheni. Majira ya lugha anayotahiniwa hajatajiwa hata siku moja. Tunamwadhibu kwa kukosa mali ambayo hatukumrithisha.

Wala maneno hayo si mapambo. Anayejua bamvua anajua kwamba mwezi unapoandama na unapopevuka maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na kwamba ufuo mpana anaotembea asubuhi huenda ukamezwa na maji kufikia alasiri. Anayejua kaskazi na kusi anajua jinsi majahazi yalivyokuja kutoka Bara Arabu na Bara Hindi na jinsi yalivyorudi. Bila pepo hizo mbili, lugha tunayoifundisha Thika isingekuwa hivi ilivyo.

Sasa nije kwenye neno "uongo". Insha ya ubunifu haitaki hati ya kiapo. Mwalimu mwenyewe alinieleza kwamba baba wa kijana huyo ni bawabu wa usiku katika kiwanda kimojawapo, na kwamba mbwa wa kwenye insha yupo kweli: kila jioni humsindikiza baba hadi langoni, kisha hurudi nyumbani peke yake. Kutoka hapo hadi baharini ni zaidi ya kilomita 500, na nauli ya kwenda kustarehe si jambo la mshahara wa bawabu. Kijana aliota safari, akamchukua mwenzake. Ndoto si uongo.

Aidha, katika insha hiyo kulikuwa na sentensi moja ambayo wino mwekundu uliipita bila kuiona. Kijana aliandika kwamba mbwa alipoliona wimbi la kwanza alirudi nyuma, kisha akalibwekea kama anavyoyabwekea malori yanayoingia kiwandani. Hapo hapana Kiingereza wala machipuo. Pana mtoto wa Thika anayeitazama bahari kwa macho yake mwenyewe. Sentensi hiyo peke yake inazidi alama 4.

Kosa lililostahili kuelezwa lilikuwa pengine, na halikutiwa alama yoyote. Katika insha mbwa yule alimlamba mzee aliyekuwa akishona nyavu, na watu wote wakacheka. Waislamu wengi wa pwani yetu hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Kilicholambwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mzee huyo asingecheka, hasa kama adhana ilikuwa karibu. Hii haina maana kwamba Mswahili humchukia mbwa. Yeye ndiye aliyesema kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Ni suala la adabu ya mgeni: mbwa afungwe kamba, awekwe mbali na nyavu na msikiti, na awe amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vyake ifikapo mwaka 2030. Somo la lugha lisilomfundisha mtoto jinsi ya kuishi na wenye lugha hiyo lina pengo kubwa.

Nilimshauri mwalimu arudishe daftari bila alama, aandike ubaoni majira ya pwani, kisha amwombe kijana asafiri upya, yeye na mbwa wake. Hakuniahidi, ila alilifunga daftari kwa taratibu kuliko alivyolifungua.

Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Mwanafunzi naye ni vivyo hivyo. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha ufuko ulipo. Kumhesabia mafunda ya maji aliyokwisha kunywa hakumsaidii kitu.