Wanafunzi wetu nao wautafiti ubongo

Mhariri,

Binti yangu anasomea sayansi chuo kikuu, na ndoto yake ni kuutafiti ubongo. Alitafuta atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, Kitale na Bungoma. Maabara moja ilimpokea, kisha ikamkalisha mezani kuandika majina ya wagonjwa, hadubini hakuigusa. Jambo hili linaniudhi.

Kule Kilifi, taasisi ya utafiti ya KEMRI-Wellcome Trust imetafiti kifafa na malaria inayopanda ubongoni kwa miaka mingi. Lakini nauli na kodi ya nyumba huko, mkulima wa mahindi azitoe wapi? Maradhi hayo hata kwetu yapo.

Naomba jibu kutoka kwa serikali za kaunti za Trans Nzoia na Bungoma, na Chuo Kikuu cha Kibabii: lini watoto wetu watafunzwa utafiti huu karibu na nyumbani?

Mzazi,
Kitale