Taa kali mbele, giza nyuma

Leo siandiki kuhusu programu wala simu. Naandika kuhusu malori, na kabla hujauliza mwandishi wa programu anajua nini kuhusu lori, nivumilie kidogo. Kosa ninalotaka kulisema ni lilelile ninalopigana nalo kazini kila wiki, ila huku halivunji tovuti ya mtu. Huku linaua.

Wanaoijua barabara ya vumbi inayotoka Maungu kuelekea Kasigau, hadi Makwasinyi, wanajua kwamba ukishayaacha maduka usiku wake ni giza totoro. Wanaipita malori ya mchanga, ya mifugo, ya maji. Na siku hizi mtindo ni mmoja: toa balbu ya halojeni, chomeka balbu ya LED nyeupe kama radi, kisha funga mhimili mzima wa taa juu ya kabati ya dereva. Ukilipisha lori hilo ukageuka kulitazama nyuma, unaona nini? Taa moja imekufa, ya pili imefunikwa na matope, trela haina hata kimulimuli. Pesa zote zimekwenda mbele. Mimi nasema wamegeuza mambo kichwa chini miguu juu, na wanaowauzia wanajua.

Tuelewane, sina ugomvi na LED. Nick Holonyak alitengeneza ile nyekundu mwaka 1962, na ilichukua miaka thelathini hivi kupata ya buluu yenye nguvu, ambayo ndiyo iliyotupa nyeupe. Wajapani watatu, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Nobeli ya fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo, na walistahili. Mwaka 2007 Lexus ikauza gari lenye dimu ya LED. Lakini tazama walivyofanya: taa nzima ilibuniwa upya, kioo chake, umbo lake, njia ya kutoa joto. Hawakuchukua taa ya zamani wakachomeka kitu kipya ndani.

Hapo ndipo penye shida yetu. Chukua balbu ya H4, iliyoanza mwaka 1971 na ambayo bado imo kwenye malori mengi ya zamani. Ndani mna nyuzi mbili, mmoja wa fuli na mmoja wa dimu. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usigonge nusu ya chini ya reflekta, maana mwanga unaogonga huko chini ndio unaorushwa juu, kwenye macho ya anayekuja. Mahali pa uzi huo pamepimwa kwa sehemu ndogo za milimita, na reflekta yote imekunjwa kwa kuufuata. Sasa weka mahali pake kipande chenye chipu za LED pande mbili, shingo nene, na mahali pa kutoa mwanga palipokadiriwa tu. Inaingia kwenye soketi? Inaingia. Inawaka? Inawaka sana. Lakini ule mstari unaotenganisha mwanga na giza, ule unaomlinda mwenzako, umevurugika.

Sisi wa programu tunaujua ugonjwa huu. Kipande cha msimbo kinaingia pahali pa kingine, kompaila haisemi kitu, mteja anashangilia, na baada ya siku mbili data imeharibika. Soketi ni ahadi nusu tu. Ahadi nyingine ni ya mahali mwanga unapoanzia, na hiyo muuzaji haiandiki kwenye boksi. Ujerumani iliruhusu balbu za LED za kuchomeka kwenye taa za halojeni mwaka 2020, na hata hapo si kwa kila gari, bali kwa aina zilizopimwa moja moja na kuorodheshwa. Hapa kwetu orodha ni maneno ya mwenye duka: "Inaingia gari zote, boss."

(Na usinianzishe kuhusu malori yenye usukani wa kushoto. Taa zake zimetengenezwa kuinua mwanga upande wa kulia ili kuonyesha ukingo wa barabara. Ukiliendesha huku tunakopita kushoto, upande wa kulia ndiko ninakotoka mimi.)

Madereva wana hoja yao, na si ya kipuuzi. Wako kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Ndovu akishajipaka ule udongo mwekundu huwezi kumtofautisha na kichaka mpaka umfikie. Dereva mmoja aliniambia, "Kaka, wewe unaogopa kupofushwa, mimi naogopa kugonga nyumba inayotembea." Nimemwelewa. Lakini mwanga uliotawanyika haumwonyeshi ndovu. Kwenye vumbi la lori lililotangulia, mwanga unaokwenda juu hugonga vumbi na kukurudia wewe mwenyewe, ukabaki unaendesha ndani ya pazia jeupe. Wengine hulaumu weupe wa taa na kununua za manjano. Chembe za vumbi ni kubwa mno kujali rangi. Kinachokuumiza ni mwelekeo. Na anayekuja mbele yako, ambaye umempofusha, naye hamwoni huyo ndovu anayevuka katikati yenu.

Dawa ipo. Badilisha taa nzima, iliyobuniwa kwa LED tangu mwanzo na kupigwa muhuri wa viwango wa herufi E kwenye kioo chake, kisha iwekwe sawa mbele ya ukuta lori likiwa na mzigo. Kama unataka spoti za ziada, zifungwe kwa rileyi inayopata amri kutoka waya wa fuli, ili ukidimu zizime zenyewe. Swichi ya peke yake kwenye dashibodi ni mwaliko wa kusahau.

Lakini kama pesa ni za kubadilisha upande mmoja tu, anza nyuma! Hili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu nyuma LED haina mpinzani na hakuna anayeitaka huko.

Hebu tupige hesabu. Uzi wa balbu ya breki unahitaji kama sehemu ya tano ya sekunde kupata moto na kuwaka sawasawa. LED inawaka papo hapo. Kwa kilomita 80 kwa saa, mwisho wa sheria kwa malori, muda huo ni mita nne na nusu hivi kwa anayekufuata. Kisha waya. Trela ni ndefu, waya zake nyembamba na ardhi yake imeshika kutu. Volti zikipungua kwa asilimia 10, balbu ya kawaida hupoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. LED inavuta umeme kidogo, kwa hiyo volti zinazopotea njiani ni chache pia, na yenye kidhibiti kizuri haitikisiki.

Halafu lori likiharibika usiku. Trela yenye balbu 20 za wati 5 inakula wati 100, yaani ampea nne na kidogo kwenye volti 24. Saa kumi ni zaidi ya ampea-saa 40, na betri iliyochoka asubuhi haipigi stata. Kwa hiyo dereva anazima kila kitu, anamtuma tanboi akate matawi ayatandaze barabarani, analala. Anayekuja nyuma kwa kasi analiona lori likiwa limeshamfikia usoni. LED za wati moja moja zingekula ampea-saa nane usiku kucha, na asingekuwa na sababu ya kuzizima.

Jambo moja la fundi wa waya. Ukiweka indiketa za LED, zitaanza kupepesa kama zimepandwa na wazimu, kwa sababu rileyi ya zamani inapima mkondo na kudhani balbu imeungua. Fundi anafunga rizista ya omu 27 hivi, upepesaji unatulia, analipwa. Rizista hiyo inachoma wati 21 za bure, inapata moto wa kuyeyusha ngozi ya waya, na LED ikifa kweli rileyi haitajua kamwe. Huko kwetu tunaita kufuta ujumbe wa kosa badala ya kosa. Weka rileyi ya kielektroniki isiyotegemea mkondo. Hiyo nayo haitakuambia taa imekufa, kwa hiyo kabla ya kuondoka tanboi ashuke, azunguke hadi nyuma ya trela, apanguse matope na kupiga kelele ya "kulia, kushoto, breki". Dakika mbili. Na akiwa huko abandike na ile karatasi nyekundu inayoakisi, ambayo haihitaji betri kabisa.