UDONGO UKIHARIBIKA, NANI ALIPE KUUPONYA?



Sisi watu wa kambi na wa mji hatushiki jembe kila siku. Kazi yetu ni mgodi, ni mashini, ni kalamu ya ofisi. Lakini jioni mama akisonga bukari, unga ule umetoka katika shamba la mtu. Hapa Katanga unga mwingi hupita Kasumbalesa ukitoka Zambia, na bei yake ikipanda mshahara unakwisha kabla ya mwezi kwisha. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba habari za udongo ni habari za kijijini tu. Ni habari za sahani yetu.

Leo tunauliza neno moja: udongo ukiharibika, nani alipe kazi ya kuuponya? Mwenye shamba peke yake, au Serikali pamoja naye? Tunachukua mfano wa Marekani, kwa sababu kule jambo hili limejaribiwa karibu miaka 90, na mema yake na mabaya yake yote yameonekana.

Wakati wa vita ya 1914-1918 bei ya ngano ilipanda sana. Wakulima wa nchi tambarare za Kansas, Oklahoma, Texas na Colorado wakalima mbuga kubwa za majani, yale majani yaliyokuwa yanashika udongo. Baada ya 1930 mvua ikakatika, na upepo ukauinua udongo uliobaki uchi. Vumbi la mashamba hayo liliruka hata likafika Washington. Tarehe 14 Aprili 1935 giza la vumbi lilifunika nchi ile mchana, na watu wakaiita siku hiyo Jumapili Nyeusi. Siku 13 baadaye, Rais Roosevelt akatia sahihi sheria ya kutunza udongo. Idara mpya ikawekwa, na mkubwa wake akawa Hugh Hammond Bennett, mtu wa North Carolina, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akionya bila kusikilizwa. Mwaka 1936 sheria nyingine ikaruhusu Serikali kumlipa mkulima anayetunza udongo wake.

Kwa nini Serikali ilipe? Sababu yake ni nyepesi. Mkulima akipanda mstari wa miti ya kukata upepo, shamba la jirani nalo linapona. Mfugaji akijenga wigo ili ng'ombe wasikanyage kingo za mto, watu wa mji ulio chini ndio wanaokunywa maji safi. Yeye anatoa fedha leo. Faida yake inakuja polepole, na sehemu ya faida inakwenda kwa wengine. Basi ikiwa faida ni ya wengi, si haki mzigo uwe wa mmoja.

Mpango mkubwa wa kazi hiyo Marekani siku hizi unaitwa EQIP, nao uliwekwa na sheria ya 1996. Tuueleze kama karani anavyoeleza karatasi. Mkulima anaomba mwenyewe, hakuna anayemsukuma. Mtu wa idara anakuja, anatembea naye shambani, wanaandika pamoja kazi zinazofaa: matuta, wigo, birika la maji, mimea ya kufunika udongo baada ya mavuno. Kisha wanatia sahihi kontra. Mkulima anafanya kazi, idara inakuja kupima, na Serikali inarudisha sehemu ya gharama. Sheria inasema sehemu hiyo isipite 75 kwa 100. Kwa mfano, ikiwa wigo na birika vimegharimu dola 10,000, Serikali inaweza kutoa mpaka 7,500, na mwenye shamba anabaki na 2,500. Kwa maskini na kwa anayeanza kulima, sehemu ya Serikali inaweza kufika 90 kwa 100.

Hayo ni ya Marekani. Na kwetu ilikuwaje?

Wazee wametuachia habari hizo. Sheria ya 1917 ilianzisha kilimo cha lazima. Amri ya 1933 ikaweka siku 60 za kazi kila mwaka, na wakati wa vita, mwaka 1942, zikafika 120. Katika milima ya Kivu, na kule Ruanda-Urundi, watu walichimba mifereji ya kuzuia udongo kwa shuruti. Aliyekataa alitozwa faini au alifungwa. Sasa tuseme kweli: mfereji wenyewe haukuwa mbaya. Mfereji unazuia udongo, awe ameuchimba mtu huru au mtu wa shuruti. Ubaya ulikuwa katika hesabu. Jasho la mwanakijiji lilikuwa 100 kwa 100, na la Leta lilikuwa fimbo. Ndiyo maana uhuru ulipokaribia, mahali pengi watu waliiacha mifereji ile ifukiwe. Hawakuuchukia udongo wao. Walichukia namna ya kuamriwa.

Hapo ndipo tunapoona tofauti. Kazi ni ile ile, jembe ni lile lile. Lakini mtu aliyeombwa, akasaidiwa, akatia sahihi kwa mkono wake, anautunza mfereji wake hata bwana mkubwa asipopita.

Lakini ndugu, tusidanganyike. Tusisifu kitu kwa sababu kimetoka Ulaya au Marekani. Kugawana gharama kuna mitego yake, na tunaitaja mitatu.

Mtego wa kwanza: mwenye kitu ndiye anayeongezewa. Anayelipwa nusu lazima awe na nusu nyingine mfukoni. Tena kwa desturi mkulima hutoa fedha zote kwanza, ndipo arudishiwe. Maskini atazitoa wapi? Wamarekani wenyewe waliliona hilo, lakini walichelewa: ni sheria ya 2018 iliyosema mkulima mnyonge aweze kupewa kwanza angalau nusu ya fedha zake, kabla hajanunua hata msumari.

Mtego wa pili: anayegawa fedha ni nani? Kule Marekani kamati za wilaya zilikuwa mikononi mwa wakulima wakubwa wazungu. Katika miaka ya 1930 Serikali ililipa wenye mashamba ya pamba wapunguze kulima, na wengi wao wakawafukuza wapangaji waliokuwa wakilima humo, weusi kwa weupe. Mwaka 1934, katika Arkansas, wapangaji hao wakaunda chama chao, rangi mbili pamoja. Wakulima weusi waliendelea kunyimwa haki katika mikopo na misaada ya Serikali kwa miaka mingi, hata wakaishitaki. Mwaka 1999 Serikali ilikubali kuwalipa, na mwaka 2010 yakafanyika mapatano mengine ya dola bilioni 1.25. Lakini wengi walikuwa wamekwisha kupoteza mashamba yao. Malipo yanayokuja baada ya shamba kuuzwa hayalimi kitu.

Mtego wa tatu: ahadi. Mapema mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilizuia kwa muda sehemu ya fedha hizi, na wakulima waliokwisha kutia sahihi kontra na kutumia fedha zao wakabaki wanangoja. Mfanyakazi yeyote wa mgodi anajua maana ya kusimama mbele ya dirisha la mshahara likiwa limefungwa. Kontra inayomfunga mdogo tu, na mkubwa akabaki huru, si kontra.

Basi tunataka nini?

Hatutaki fimbo irudi shambani kwa jina jipya. Hatutaki pia mkulima aachwe peke yake na mlima unaoteremka. Tuangalie hapa kwetu. Miti ya pande zote za Lubumbashi imekatwa kwa ajili ya makala tunayopikia sisi wenyewe wa mji. Tunakula faida ya udongo ule na misitu ile. Kwa nini mzigo wa kupanda tena uwe wa mwanakijiji peke yake?

Na fedha? Wako watakaosema hakuna fedha. Sisi tunaoandika hesabu za madini tunawaomba wasome sheria. Sheria ya migodi, kama ilivyogeuzwa mwaka 2018, inagawa redevansi ya madini hivi: 50 kwa 100 kwa Serikali ya kati, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komini, sekta au sheferi ambamo madini yanachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ile 15 ni ya mahali petu. Sehemu yake iwekwe wazi kwa kugawana gharama na wakulima: miche, majembe, chuma cha wigo, mshahara wa mtu anayejua kupima matuta. Wakulima wenyewe wachague kamati, na wanawake wanaolima wawemo. Maskini apewe kwanza. Asiye na karatasi ya ardhi asifukuzwe kwa sababu shamba alilolilima limepata thamani. Na hesabu ibandikwe mlangoni pa ofisi, kila mtu aisome.

Shaba tunayoitoa chini hairudi. Shimo linabaki shimo. Lakini udongo ulio juu, ukitunzwa, unatoa kila mwaka, na watoto wetu watakula hata siku mgodi utakapofungwa. Ni haki kitu kinachokwisha kilipe sehemu ya kukitunza kisichokwisha.

Ndugu wa kambi na wa mji, mkutano wa komini ukiitishwa, msiende kusikiliza tu. Ulizeni: ile 15 iko wapi, na imetunza udongo gani?