Ameruka Ugomvi!

Na Yustina Komba

Jumanne alfajiri, tukibadilisha nguo baada ya zamu, mwenzangu wa kazini alinirudishia kitabu nilichomwazima Jumapili. Nilishangaa. Mimi kilinichukua wiki nzima, tena nikilala saa nne tu kila siku.

"Mama Yustina, ile kitabu ni muzuri," akaniambia kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Ila ile kugombana kwao ilinichosha. Niliruka mpaka pale wanapendana."

Nilikaa kwenye benchi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Ameruka ugomvi! Ni sawa na mtu kualikwa pilau akachambua nyama, wali akamwachia mwenye nyumba.

Basi la kurudi nyumbani hapa Toronto huchukua dakika arobaini, na zote arobaini niligombana naye kimoyomoyo. Kitabu ni Heated Rivalry cha Rachel Reid, Mkanada, kilichotoka mwaka 2019. Tangu huduma ya filamu mtandaoni ya Crave ionyeshe tamthilia yake mwishoni mwa 2025 wengi wanakijua kwa sura za waigizaji. Shane Hollander ni nyota wa hoki ya barafu wa Montreal, kijana mpole, mpenda utaratibu. Ilya Rozanov ni Mrusi wa Boston, mdomo mrefu, kiburi tele. Magazeti yanawashindanisha tangu wakiwa vijana, mashabiki wamewagawana. Barafuni wanabamizana ukutani na kutupiana maneno. Taa zikizimwa, wanatafutana kwa siri. Miili yao ilipatana mapema. Ulimi ndio uliokaa miaka mingi bila kusema.

Mwenzangu anadhani ugomvi ule ni foleni tu ya kuingilia kwenye penzi. Mimi nasema penzi limo mle mle kwenye foleni. Mwanamume gani ataachiwa amuwaze mwanamume mwenzake asubuhi hadi usiku, ahesabu mabao yake, ajue ni goti lipi linamuuma, amkodolee macho mbele ya uwanja uliojaa, asiulizwe na mtu? Ni hasimu peke yake. Hasimu ana ruhusa. Dunia inayowakataza wanaume wawili kupendana haijawahi kuwakataza kuchukiana, na wale wawili wameivaa chuki kama sisi wa huku tunavyovaa koti la Januari, kwa sababu nje kunaua.

Wala msiniambie mwandishi anarefusha kurasa. Ligi ya hoki ya NHL ilianzishwa mwaka 1917. Mchezaji wa kwanza mwenye mkataba na timu ya ligi hiyo kujitokeza hadharani kwamba yeye ni shoga, Luke Prokop, alifanya hivyo mwaka 2021. Zaidi ya miaka mia moja! Na Urusi anakotoka Ilya ilipitisha sheria mwaka 2013 ya kuzuia hata kuyazungumzia mambo haya mbele ya watoto, na mwaka 2023 mahakama yake ya juu kabisa ikaliharamisha vuguvugu zima la LGBT kwa jina la msimamo mkali. Kimya cha Ilya kina sababu, na kila tusi analomrushia Shane ni neno jingine lililokosa njia ya kutokea.

Haya ya kutukanana niliyaona hata nyumbani. Marehemu baba yangu alikuwa Mngoni wa Songea. Mnajua Wangoni na Wahehe: walipigana vita vikali karne ya 19, kisha wajukuu wakawa watani. Baba alikuwa na mtani wake Mhehe, na miaka yote niliyowajua sikuwahi kusikia neno jema likipita kati yao. Siku ya mazishi mzee yule alijilaza chali mbele ya jeneza, akasema haliendi kaburini mpaka alipwe deni lake. Tukamlipa shilingi elfu mbili, tukacheka na machozi yetu. Tulipomaliza kufukia na watu wakaondoka, yeye alibaki amechuchumaa pale peke yake, na ilibidi kaka yangu arudi kumnyanyua. Wao walikuwa marafiki, sisemi zaidi ya hapo. Lakini mtu ambaye hakuwasikia wakitukanana miaka thelathini, akifika siku ile tu, angeona mzee amechuchumaa. Basi.

Ndiyo maana siku hizi siwavumilii pia wachapishaji wanaoandika neno maadui kwenye jalada, halafu sura ya tatu wanaume wawili wanachemshiana chai. Hao walikuwa na njaa tu. Adui ninayemtaka ni kama wa Captive Prince cha C. S. Pacat: Damen alimuua kaka yake Laurent vitani, naye Laurent, Damen anapoletwa kwake akiwa mtumwa, anaamuru achapwe mijeledi hadi karibu kufa. Vitabu vitatu vinahitajika kulivuka ziwa lile la damu, na hakuna hata kimoja cha ziada. Hata Casey McQuiston, ambaye Red, White & Royal Blue yake ni nyepesi kuliko hiyo, anajua kazi. Mtoto wa rais wa Marekani na mjukuu wa malkia wa Uingereza wanaangusha keki ya arusi ya kifalme kwa ugomvi wao, na mzizi wake ni sentensi moja tu ya dharau iliyosikika kwa bahati mbaya. Nani kati yetu hajawahi kubeba sentensi ya namna hiyo miaka na miaka?

Lakini kilichoniuma kuliko vyote Jumanne ni swali alilonitupia mwenzangu akifunga kabati. "Na huyu Shane, mbona alikimbia? Si alipewa mukate tu?"

Mkate tu! Ilya amempikia mkate wa jodari na jibini, nyumbani kwake Boston. Kwa mara ya kwanza wanakaa kama watu wa nyumba moja. Miaka yote hiyo wameitana Hollander, Rozanov, majina ya mgongoni mwa jezi, majina ya kupiga kelele kutoka ng'ambo ya uwanja. Siku hiyo majina ya kwanza yanawatoka. Shane anasikia jina alilopewa na mama yake likitoka katika kinywa kile, anaona ngao zote zimeanguka, anavaa, anakimbia. Nililia pale. Mwenzangu alikuta mtu ameacha mkate.

Sikuwa na nguvu za kumweleza. Niliweka kitambaa changu cha alama kwenye ukurasa wa kwanza, nikamrudishia kitabu mkononi, nikamwambia nitakichukua akishakisoma.

Usiku wa Alhamisi simu yangu ikalia. Alikuwa yeye, yuko mapumziko, ameandika kwa herufi kubwa: "MAMA, HUYU MURUSI ANA KIBURI. SIMUPENDI HATA KIDOGO."

Nikamjibu: endelea.