Mbele ya kununua nyumba, uliza mama wa nyumba



Juma hili tunazungumuzia jambo lenye wengi wetu tunawaza usiku lakini hatulitaje katika mikutano: kununua na kuuzisha nyumba hapa Kalemie.

Muji wetu ni wa zamani. Kituo cha askari chenye kiliitwa Albertville kilianzishwa mwaka wa 1891 pembeni ya ziwa, na mwaka wa 1915 njia ya gari la moshi kutoka Kabalo ikafika hapa. Jina la Kalemie lilikuja kisha uhuru. Kwa hiyo tuko na nyumba zenye zimepita katika mikono mingi. Babu alijenga, akakufa. Mutoto mumoja akaenda Lubumbashi, mwingine akavuka ziwa mupaka Kigoma, mwingine akabakia ndani. Kila mumoja anasema: “Ni nyumba ya baba yangu.” Siku moja komisioneri anakuja kwako na kusema: “Mama, kuko nyumba ya bei muzuri, lakini inaomba haraka.”

Haraka hiyo ndiyo tunaiogopa. Kuko ulizo moja lenye halilipishe hata franka moja: “Mama wa nyumba hii yuko wapi, na yeye anasema nini?”

Juu gani tuulize hivyo? Tuseme baba fulani anauzisha nyumba yenye yeye na bibi yake walijenga kwa miaka kumi na tano. Bibi hajui kitu. Wewe unatoa feza, unaingia na vyombo vyako. Kisha mwezi mumoja, mama yule anakuja mulangoni na watoto wake, na barua ya tribinali iko mukononi mwake. Feza imekwisha kuliwa. Sasa ni wamama wawili wenye wanapigana, na mutu mwenye alikula feza hayuko.

Sheria iko na sisi katika jambo hilo. Kode ya jamaa, ni kusema kitabu cha sheria za ndoa na uriti, ilitolewa mwaka wa 1987. Zamani iliomba mwanamuke mwenye kuolewa apate ruhusa ya bwana yake mbele ya kufanya mapatano ya sheria. Katika Mwezi wa 7, mwaka wa 2016, mambo hayo yalibadilishwa: sasa inaomba bwana na bibi wapatane wote wawili. Kama wanakuita kutia mukono juu ya karatasi ya kuuzisha nyumba yenu, hauko shahidi tu. Soma kwanza. Kama haujui kusoma Kifaransa, peleka karatasi kwa mutu mwenye unatumainia.

Kama mwenye nyumba alikwisha kufa, uliza watoto wote. Katika uriti, binti na kijana wako na haki sawasawa. Na mama mujane yuko na haki ya kuendelea kukaa katika nyumba yenye aliishi na bwana yake. Lakini ili sheria imusaidie, inafaa ndoa yao ikuwe imeandikishwa ku etasivili. Wenye mulitolewa mahari tu, musingoje siku ya kilio. Muende muandikishe ndoa yenu.

Kisha watu, tuangalie karatasi. Sheria ya tarehe 20 Mwezi wa 7, mwaka wa 1973, inasema udongo ni wa serikali peke yake. Kile tunanunua ni nyumba, na haki ya kutumia kiwanja. Haki hiyo inasimama mbele ya sheria kupitia sertifika yenye inatolewa na konservateri, mukubwa wa serikali mwenye kuandikisha viwanja. Karatasi ya shefu wa kartie na fishi ya parsele ni za kuanzia njia, haziko mwisho wa njia. Mbele ya kutoa feza, fanya mambo haya:

– Enda kwa konservateri uulize jina la nani liko katika kitabu chake.
– Omba watu wa kadastri wapime, uone kama mipaka ya parsele iko sawa na karatasi.
– Lipa mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, na upokee karatasi yenye kuonyesha feza yenye ulitoa.
– Kisha kununua, badilisha sertifika mara moja. Kama jina la zamani linabakia pale, mutu anaweza kuuzisha nyumba hiyo mara ya pili.

Na wamama wa pembeni ya ziwa, muulize majirani pia. Mwaka wa 2024 maji ya Tanganyika yalipanda na kuingia katika nyumba za watu. Nyumba yenye wamepaka rangi mupya wakati wa jua inaweza kuficha alama ya maji. Bibi muzee wa jirani atakuonyesha kwa kidole fasi yenye maji yalifika.

Jambo la mwisho. Kama feza ya likelemba, ya samaki ao ya shamba lako iliingia katika nyumba, jina lako liingie katika karatasi. Hatusemi hivyo juu ya kuleta vita na wabwana. Muzungumuzie jambo hilo nyumbani siku yenye kuko amani, wakati wote wawili munaweza kucheka.

Na kama chama chako kinasikia kwamba dada mumoja anataka kununua, wamama wawili wamusindikize. Mumoja azungumuze na muuzishaji. Mwingine aende ku jikoni, asalimie mama wa nyumba, na amuulize.

Tubakie na amani.